Yesu aliishi kweli? Alioa? Anza na ndugu yake Yakobo

Kila Pasaka ikikaribia, klipu zilezile hufufuka kwenye makundi ya WhatsApp. Moja inasema Yesu alioa, akazaa watoto, na Vatikani imefungia ushahidi kabatini. Nyingine, na mara nyingi aliyeituma ni yuleyule, inasema hakuwahi kuwepo mtu wa namna hiyo, ni ngano iliyonakiliwa kwa Wamisri. Zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, maana asiyekuwepo hana mke, lakini hilo halimzuii mtu kuzisambaza zote kabla hajanywa chai. Mjadala ukihamia kijiweni au kwenye mhadhara wa dini, maswali tofauti kabisa yanaulizwa kana kwamba ni moja: aliishi? Alikuwa na ndugu? Alikuwa na mke? Ni Mwana wa Mungu au ni Nabii?

Tuyatenganishe. Mwanahistoria akisema mtu fulani "alikuwepo kihistoria", anadai kitu kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Anadai kwamba alikuwa binadamu wa nyama na damu, mahali fulani, wakati fulani, na kwamba habari zilizobaki zinaeleweka vizuri zaidi tukikubali kuwa aliishi kuliko tukikataa. Hasemi alifufuka, wala hasemi hakufufuka. Hilo ni suala la imani, na vipimo vya mwanahistoria havifiki huko. Kwa hiyo swali la nne tunaliacha kanisani na msikitini, tubaki na matatu ya kwanza.

Tena ushahidi wa mtu wa kale hautafutwi kwenye cheti cha kuzaliwa. Chukua kesi ya shamba mbele ya baraza la ardhi. Unadai shamba lilikuwa la babu yako aliyefariki zamani. Hana hati, hana picha, hana kitambulisho. Mashahidi wako wote ni wa ukoo wako, na mwenyekiti anajua vizuri kwamba watu wa ukoo husemeana. Halafu anasimama mtu wa upande wa pili, mwenye ugomvi na ninyi wa miaka mingi, na katikati ya maelezo yake linamtoka: "siku ile nilipokwenda kwa babu yao kuomba mbegu." Hapo kesi imegeuka. Hakuja kumshuhudia babu yako. Alikuwa anasimulia lake, akamtaja kwa sababu alikuwepo.

Kwa habari za Yesu, shahidi wa namna hiyo ni Paulo, na anayetajwa ni Yakobo.

Paulo wa Tarso aliandika barua zake kuanzia miaka ya 50 BK au karibu na hapo, kama miaka 20 tu baada ya Yesu kusulubiwa, kabla injili yoyote kati ya nne tunazozisoma haijaandikwa. Katika Wagalatia sura ya 1 yuko kwenye utetezi. Wapinzani wake wanadai ujumbe wake ameazima kwa wakubwa wa Yerusalemu, kwa hiyo yuko chini yao. Paulo anakana. Anasema miaka mitatu baada ya kuitwa alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa, ndiye Petro, siku 15, na hakuonana na mtume mwingine yeyote ila Yakobo, ndugu yake Bwana. Kisha anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo.

Hebu tazama yuko katika hali gani. Anajitahidi kupunguza orodha ya wakubwa aliokutana nao, na Yakobo ni jina ambalo lingemfaa kulinyamazia. Sura inayofuata anaeleza jinsi watu waliotoka kwa Yakobo walivyofika Antiokia, Petro akaogopa, akaacha kula na wasio Wayahudi, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Yakobo na Paulo hawakuwa wakivuta kamba upande mmoja. Hata hivyo Paulo anamtaja, na anamtaja kwa undugu wake na Yesu, kwa kuwa wasomaji wake walijua hivyo na yeye mwenyewe alishamwona ana kwa ana. Mtu wa kubuni hana ndugu wa kukutana naye mjini.

Wanaokana kuwepo kwa Yesu wanaijua hatari ya mstari huu, kwa hiyo husema "ndugu wa Bwana" kilikuwa cheo tu, kama Wakristo wanavyoitana ndugu kanisani. Hoja hiyo inaangushwa na Paulo mwenyewe. Katika 1 Wakorintho 9:5 anadai haki ya kusafiri na mke, kama mitume wengine, ndugu wa Bwana, na Kefa. Kama "ndugu wa Bwana" ni muumini yeyote, au hata kiongozi yeyote, kwa nini mitume na Petro watajwe kando yao? Ushike mstari huo, tutaurudia kwenye suala la mke.

Shahidi wa pili si Mkristo. Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi, alizaliwa Yerusalemu mwaka 37 na kuandika historia kubwa ya watu wake mwaka 93 au 94. Katika kitabu cha 20 anasimulia vurugu za mwaka 62: liwali wa Kirumi Festo amekufa, mrithi wake Albino bado yuko njiani, na kuhani mkuu Anano anatumia pengo hilo kuitisha baraza na kumhukumu "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo, jina lake Yakobo" pamoja na wengine, wakapigwa mawe. Watu wenye kuheshimu sheria walichukia, wakalalamika, na Anano akavuliwa ukuhani akiwa amekaa miezi mitatu tu. Yosefo alikuwa kijana wa miaka 25 hivi mwaka huo. Nia yake ni kueleza kwa nini kuhani mkuu alifukuzwa kazi. Yesu ametajwa tu ili msomaji ajue ni Yakobo yupi, maana jina hilo lilikuwa la watu wengi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wahubiri wengine hulipita kimyakimya. Yosefo huyohuyo, katika kitabu cha 18, ana aya ndefu inayomsifu Yesu na kusema wazi kwamba "huyu ndiye Kristo". Myahudi asiye Mkristo hawezi kuandika hivyo. Wataalamu wengi wanaona aya ile ilikuwepo kwa ufupi, kisha wanakili wa Kikristo wakaipamba. Kwa hiyo anayekwambia "Yosefo aliongezewa maneno" amesema kweli kuhusu kitabu cha 18. Anakosea anapoitumia aya hiyo kufuta na ile ya kitabu cha 20, ambayo haina pambo lolote.

Wa tatu ni Tasito, mwanahistoria wa Kirumi aliyewadharau Wakristo kabisa. Akiandika karibu mwaka 116 kuhusu moto ulioteketeza Roma mwaka 64, anasema Kaisari Nero aliwasingizia Wakristo, na kwamba jina lao limetokana na Kristo, aliyeuawa enzi za Kaisari Tiberio na liwali Pontio Pilato. Kwake dini hiyo ni ushirikina wenye madhara. Huwezi kumshuku kuwa alitaka kuwasaidia.

Kukana kuwepo kwa Yesu si jambo lililoanzia YouTube. Bruno Bauer wa Ujerumani alifika huko katika karne ya 19, na mwenzake Arthur Drews akaitangaza hoja hiyo kwa kishindo mwaka 1909. Wapo wanaoishikilia hadi leo, lakini ni wachache mno miongoni mwa wanaofundisha historia ya kale vyuoni. Na walio wengi si Wakristo watupu. Bart Ehrman wa Marekani, ambaye anasema waziwazi kuwa haamini Mungu, alichapisha kitabu kizima mwaka 2012 kuwajibu wakanushaji. Geza Vermes, aliyekuwa Myahudi na msomi wa Oxford, alitumia miongo kadhaa kumwelezea Yesu kama Myahudi wa Galilaya.

"Lakini mbona Warumi hawakumwandika?" Swali hili linadhani kwamba kuna kabati la faili za Pilato mahali fulani na jina la Yesu halimo. Kabati hilo halipo. Kumbukumbu za utawala wa Pilato, aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, zimepotea zote. Pilato mwenyewe, bwana mkubwa wa jimbo, anajulikana kwa maandishi ya watu wachache, sarafu, na jiwe moja lenye jina lake lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961. Kama liwali amebakiza hayo tu, seremala wa kijijini ulitaka abakize nini?

Na ile orodha ya miungu ya kale, "Horo wa Misri na Mithra wa Uajemi walizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, wakafufuka siku ya tatu"? Mithra katika michongo ya Kirumi anatoka kwenye mwamba, tayari kijana. Horo mama yake ni Isi, aliyepata mimba kwa mumewe Osiri. Tarehe ya Krismasi haimo hata kwenye Biblia, kwa hiyo kuipinga tarehe hiyo hakumgusi Yesu. Aliyetunga orodha ile hakufungua vitabu vya Wamisri wala vya Waajemi.

Jambo jingine wanahistoria wanalolishikilia kwa nguvu ni kwamba alisulubiwa. Hukumu ile ilikuwa fedheha ya watumwa na waasi, na hakuna kundi ambalo lingembunia kiongozi wake kifo cha hivyo kisha likaanza kuhangaika kukieleza. Hapa ndugu zetu Waislamu, kwa tafsiri iliyo maarufu ya Qur'ani 4:157, wana msimamo tofauti: Isa hakuuawa wala hakusulubiwa. Lakini kwamba aliishi, kwamba mama yake ni Maryamu, hilo Uislamu haulitilii shaka hata kidogo. Mkanushaji anayepanda jukwaa la mhadhara akidhani amewaunga mkono Waislamu hajasoma upande wowote.

Sasa twende nyumbani kwao. Marko 6:3 inawataja ndugu wanne kwa majina: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, pamoja na madada ambao hawakutajwa majina. Kuna hata habari isiyopendeza, kwamba jamaa zake walikwenda kumchukua wakidhani amerukwa na akili (Marko 3:21), na Yohana anaongeza kwamba ndugu zake hawakumwamini. Ugomvi wa makanisa hauhusu kama watu hawa walikuwepo, unahusu walizaliwa na nani. Waprotestanti wengi husema ni wadogo zake, watoto wa Yusufu na Mariamu. Waorthodoksi husema ni watoto wa Yusufu wa ndoa ya kwanza, simulizi inayopatikana katika andiko la karne ya 2 liitwalo Injili ya Yakobo. Wakatoliki humfuata Hieronimo, mwanazuoni wa Biblia, aliyeandika mwaka 383 kwamba ni binamu, watoto wa ndugu wa mama. Mimi naona usomaji wa kawaida wa Marko unaelekea kwa wadogo zake wa tumbo moja, lakini anayeshika ubikira wa kudumu wa Mariamu hana haja ya kumfuta Yakobo kwenye historia. Binamu naye ni jamaa wa damu.

Kuhusu mke, ushahidi unaotolewa kwa kawaida ni Injili ya Filipo. Ni andiko la Kikopti, lugha ya Wakristo wa Misri ya kale, lililopatikana karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, katika nakala ya karne ya 4. Wataalamu humweka mtunzi wake karne ya 2 au ya 3. Linamwita Maria Magdalena mwenzi wa Mwokozi na kusema Yesu alikuwa akimbusu... halafu karatasi ya mafunjo ina tundu. Neno "mdomoni" unalolisikia kwenye filamu limejazwa na wafasiri. Hata likijazwa hivyo, andiko lilelile linaeleza kwamba busu ni njia ya waumini kupeana neema. Na katika mkusanyo huohuo wa vitabu vya Nag Hammadi limo Ufunuo wa Pili wa Yakobo, ambamo Yesu anambusu mdomoni nani? Yakobo. Sijaona klipu inayolitumia hilo.

Kisha likaja karatasi la mwaka 2012. Tarehe 18 Septemba, jijini Roma, Profesa Karen King wa Harvard aliwaonyesha wataalamu wa Kikopti kipande cha mafunjo cha sentimita 4 kwa 8 hivi, kinachotosha kiganjani, chenye maneno "Yesu akawaambia, Mke wangu" na sentensi ikakatika hapo. Dunia ikalipuka. King mwenyewe alitahadharisha kwamba hata kikiwa halisi hakithibitishi kuwa Yesu alioa. Kinaonyesha tu Wakristo wa baadaye waliwahi kulijadili. Vipimo vya kaboni vikaonyesha mafunjo ni ya zamani kweli, ya karne nyingi baada ya Yesu. Wengi wakaishia hapo: kumbe ni halisi!

Lakini karatasi ya zamani haifanyi maandishi kuwa ya zamani. Wasomaji wa Kikopti waligundua kwamba maneno mengi yameokotwa huku na kule kutoka Injili ya Thomaso, andiko jingine la Kikopti, pamoja na kosa la chapa lililokuwa kwenye toleo moja la injili hiyo lililowekwa intanetini. Mwaka 2014 msomi Christian Askeland akakitazama kipande kingine kilichotoka kwa mwenye mali yuleyule, cha Injili ya Yohana. Mistari yake ilikatika palepale ilipokatika mistari ya toleo lililochapishwa mwaka 1924, mstari mmoja ukichukuliwa na mmoja kurukwa, mpaka mwisho. Nakala ya kale haiwezi kunakili ukurasa uliochapishwa mwaka 1924. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar akamfuatilia mwenye mali hadi Florida, akakuta amewahi kusomea mambo ya Misri ya kale huko Berlin. King akakiri kwamba uzito wa ushahidi unaelekea kwenye kughushi. Habari ya kwanza ilifika kila kijiji. Ya pili haikufika.

Kaburi la Talpiot, Yerusalemu, nalo lina mkondo huohuo. Lilifunguliwa mwaka 1980, na mwaka 2007 filamu ikadai masanduku ya mifupa yaliyomo, yenye majina kama Yesu mwana wa Yusufu, Maria, na Yuda mwana wa Yesu, ni ya familia takatifu. Tatizo ni majina. Enzi zile wanawake wa Kiyahudi walioitwa Mariamu walikuwa wengi kupita kiasi, na Yesu, Yusufu na Yuda yalikuwa miongoni mwa majina ya kawaida kabisa ya wanaume. Nenda makaburi yoyote ya pwani utafute Mohamed mwana wa Ali aliyezikwa karibu na Fatuma.

Wapo wanaosema kila mwanamume wa Kiyahudi alilazimika kuoa, kwa hiyo Yesu lazima alioa. Walioa wengi, si wote. Yosefo anaeleza kundi la Waesene ambao baadhi yao waliishi bila wake. Yeremia aliamriwa asioe. Paulo hakuwa na mke alipoandika. Rabi Ben Azzai wa karne ya 2 hakuoa, akasema roho yake imependa Torati. Kwenye mihadhara hutajwa pia aya ya Qur'ani 13:38, kwamba Mitume walipewa wake na watoto, lakini aya hiyo inasema kwa jumla, na Qur'ani hiyohiyo inamsifu Yahya, ndiye Yohana Mbatizaji, kwa utawa wake.

Vipi kuhusu njama? Hadithi inasema Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulipiga kura kuhusu vitabu vya Biblia na kumfuta mke wa Yesu. Nikea ilishughulikia mafundisho ya padri Ario aliyekana kuwa Mwana ni sawa na Baba, tarehe ya Pasaka, na kanuni 20 za nidhamu. Vitabu vya Biblia havikuwa kwenye ajenda. Orodha ya kwanza tuliyo nayo inayolingana na vitabu 27 vya leo ni ya Athanasio wa Aleksandria, mwaka 367. Na kama kanisa lilikuwa na mkono wa kufuta wake za watu, lilimsahauje mama mkwe wa Petro? Yumo Marko 1:30, ana homa, anasomwa kwa sauti parokiani, naye ni mkwe wa yule Wakatoliki wanayemhesabu kuwa Papa wa kwanza.

Ndipo tunarudi kwenye ule mstari wa Wakorintho. Paulo anatafuta mifano ya kuhalalisha mtume kusafiri na mke. Anawataja mitume, ndugu za Bwana, Kefa. Kama Yesu mwenyewe alikuwa na mke, mfano huo ungemaliza mjadala kwa sentensi moja, na watu waliomjua walikuwa bado hai. Hakuutumia. Maria wa Magdala naye hutambulishwa kwa mji wake, wakati wanawake wengine waliofuatana naye hutambulishwa kwa wanaume wao, kama Yoana mke wa Kuza. Ukimya si uthibitisho, nakubali, ila huu ni ukimya mahali ambapo kusema kungekuwa na faida.

Na jamaa za Yesu hawakufichwa. Yakobo aliongoza kanisa la Yerusalemu hadi alipouawa. Baada yake, kwa mujibu wa Hegesipo, mwandishi wa karne ya 2 ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, akachaguliwa Simeoni mwana wa Klopa, kwa kuwa alikuwa binamu ya Bwana. Hegesipo anasimulia pia kwamba Kaisari Domitiano, aliyetawala mwaka 81 hadi 96, aliwaita wajukuu wa Yuda, yule ndugu wa Yesu, akihofia ukoo wa Daudi. Akawauliza mali yao. Wakasema wana shamba tu, thamani yake dinari 9,000 kwa wote, wanalilima wenyewe na kulipia kodi. Wakamwonyesha viganja vyenye sugu. Akawadharau, akawaachia, wakarudi kuongoza makanisa.

Huenda simulizi hiyo imetiwa chumvi njiani. Lakini inaonyesha waumini wa mwanzo walikuwa wakihesabu ukoo huo, wanajua nani ni mjukuu wa nani, na wanampa nafasi kwa sababu ya damu yake. Wangekuwepo watoto wa Yesu mwenyewe, kanisa la Yerusalemu lisingemtafuta binamu, wala Domitiano asingehangaika na wajukuu wa Yuda.